Kwa nini kichwa-kichwa huchelewa kuliko kichwa-mwenge?

Mjomba wa Magomeni (muulizaji)

Wanajukwaa, habari za jioni. Naomba msaada katika jambo lililotushinda hapa nyumbani kwa wiki nzima. Naamini mtu aliyesoma hisabati kuliko mimi anaweza kulieleza kwa namna ambayo hata sisi wa kawaida tutamfuata.

Nina mpwa wangu anayesoma Kidato cha Tano, mchepuo wa PCM, ambaye yuko likizo kwangu Magomeni. Jumapili iliyopita umeme ulikatika tukahamia barazani, na huko akaniletea swali. Unarusha sarafu moja tena na tena, ukiandika K kila inapoangukia kichwa na M kila inapoangukia mwenge. (Sarafu yetu ilikuwa ya shilingi 200, yenye sura ya Mzee Karume upande mmoja na simba upande wa pili, lakini sisi tuliozitumia zile shilingi moja za zamani zenye mkono ulioshika mwenge bado tunasema kichwa na mwenge, na watoto wameurithi msemo huo.) Mtu wa kwanza anasubiri mpaka zitokee K mbili mfululizo, yaani KK. Mtu wa pili anasubiri mpaka itokee K inayofuatwa papo hapo na M, yaani KM. Je, kwa wastani kila mmoja atarusha mara ngapi?

Nilimjibu bila kusita kwamba watasubiri sawasawa. Ukirusha mara mbili kuna matokeo manne, KK ni moja kati ya hayo na KM ni moja pia, kwa hiyo kila moja ina uwezekano wa robo. Mpwa wangu hakubishana nami. Alifungua daftari, akapiga mstari katikati ya ukurasa, tukaanza kurusha. Mfuatano wa kwanza bado ninao hapa mbele yangu: M M K M K M M K K. KM ilitokea kwenye mrusho wa 4, na KK haikuonekana mpaka mrusho wa 9. Nikasema hiyo ni bahati tu. Tuliendelea mpaka tochi ya simu ikaisha chaji, na upande wa KK ukazidi kuwa mrefu. Shemeji yangu, aliyekuwa akitutazama, akadai sarafu imepinda. Tukatafuta ya shilingi 100, na hali ikabaki ile ile.

Kilichonichanganya zaidi ni jambo la pili. Tulibadilisha mchezo, tukawa tunatazama mfuatano mmoja na kuuliza kipi kitatangulia kati ya KK na KM, na hapo tukawa tunakaribia sare kila mara. Kama KM huja mapema kwa wastani, inakuwaje basi haishindi mbio hizi? Mambo haya mawili nimeshindwa kuyaweka pamoja kichwani.

Mwalimu wa hisabati, Temeke

Ndugu yangu, mwambie shemeji asiilaumu sarafu. Ni kweli kwamba sarafu inayorushwa kwa mkono ina upendeleo mdogo wa kuangukia upande uliokuwa juu kabla haijarushwa: Persi Diaconis na wenzake walilikadiria jambo hilo mwaka 2007, na baadaye František Bartoš na kundi lake wakarusha sarafu mara 350,757 wakapata kiasi cha asilimia 50.8. Upendeleo mdogo kiasi hicho hauwezi kuleta tofauti mliyoiona. Hata sarafu isiyo na kasoro yoyote ingewapa majibu hayo hayo, kwa sababu wastani wa kusubiri KM ni mirusho 4, na wa kusubiri KK ni mirusho 6.

Jambo la kutazama ni kile kinachobaki mkononi unapokosa. Chukua anayesubiri KM, ambaye tayari amepata K yake. Mrusho unaofuata ukiwa M, amemaliza. Ukiwa K, amekosa, lakini hajapoteza kitu, maana hiyo K mpya inamtosha kuendelea nayo kama ile ya kwanza. Anabaki amesimama palepale mlangoni. Anayesubiri KK hana bahati hiyo. Akiwa na K kisha ikaja M, ile K imekufa, na M haimsaidii chochote, kwa hiyo anarudi mwanzo kabisa kama mtu ambaye hajarusha hata mara moja.

Tuliandike kwa hesabu, na mpwa wako ataifuata bila shida. Tuite *w* wastani wa mirusho inayohitajika tukiwa mwanzo, na *s* wastani wa inayobaki tukiwa tayari na K. Katika michezo yote miwili, tukiwa mwanzo tunarusha mara moja, kisha nusu ya nafasi tunabaki mwanzo na nusu ya nafasi tunapata K, kwa hiyo w = 1 + ½w + ½s, yaani w = 2 + s. Michezo inatofautiana kwenye *s* peke yake. Kwa KM, tukirusha tunamaliza au tunabaki na K: s = 1 + ½s, ambayo inatupa s = 2, na hivyo w = 4. Kwa KK, tukirusha tunamaliza au tunarudi mwanzo: s = 1 + ½w. Ukiweka w = 2 + s ndani yake unapata s = 4, na w = 6.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo tamu zaidi. Katika mbio za mfuatano mmoja, wote wawili wanasubiri K ya kwanza, ambayo kwa wastani inachukua mirusho 2. Ikishatoka, mrusho mmoja tu unaamua: K inampa ushindi wa KK, M inampa ushindi wa KM. Ndiyo maana mnatoka sare. Lakini mbio husimama mshindi anapopatikana, na hapo hamuoni kinachompata aliyeshindwa kama angeendelea kurusha. Aliyeshindwa wa KM ana K mkononi, amebakiza wastani wa mirusho 2. Aliyeshindwa wa KK yuko mwanzo, amebakiza wastani wa mirusho 6. Basi jumlisha: mirusho 3 kwa kila mtu mpaka uamuzi, kisha nusu ya nafasi KM anaongezewa 2 na kupata 3 + 1 = 4, na nusu ya nafasi KK anaongezewa 6 na kupata 3 + 3 = 6. Kwa hiyo wanashinda sawa, isipokuwa anayeshindwa upande wa KK hulipa gharama kubwa zaidi.

Mhasibu wa Kariakoo

Mwalimu, nimefuata hesabu yako mstari kwa mstari na sioni kosa, lakini bado moyo wangu haujatulia, na naomba nieleze kwa nini. Tukirusha sarafu mara 1,000 tunapata jozi 999 za mirusho inayofuatana. Kila jozi ina uwezekano wa robo kuwa KK na robo kuwa KM. Kwa hiyo katika mfuatano ule mrefu tutatarajia karibu KK 250 na karibu KM 250. Kama idadi ni ile ile katika urefu ule ule, basi umbali wa wastani kutoka moja hadi inayofuata ni mirusho 4 kwa zote mbili. Kitabu cha hesabu lazima kilingane pande zote mbili. Sasa zile 2 zinazoongezeka kwenye 6 zimetoka wapi?

Mwalimu wa hisabati, Temeke

Pingamizi lako ni zuri, na idadi zako ni sahihi kabisa. Tofauti iko kwenye namna zilivyopangika. KK zinaweza kubebana: katika K K K K kuna KK tatu ndani ya mirusho minne, kila moja ikiazima herufi kutoka kwa mwenzake. KM haziwezi kubebana hata kidogo, kwa kuwa kila KM huisha na M, na M haiwezi kuanzisha KM nyingine.

Fikiria uko kituoni unasubiri daladala ya kwenda Mbagala. Tuseme zinapita 12 kwa saa. Zikija kila baada ya dakika 5, wewe unayefika wakati wowote utasubiri wastani wa dakika 2 na nusu. Zikija tatu tatu, zikifukuzana, kila baada ya dakika 15, idadi kwa saa ni ile ile 12, lakini wewe utasubiri wastani wa dakika 7 na nusu, kwa sababu makundi yameacha mapengo makubwa na wewe una nafasi kubwa zaidi ya kuangukia ndani ya pengo. KK ni daladala zinazokuja kwa makundi, na KM zinakuja kwa mwachano uliotulia zaidi.

Hesabu yako na yangu zinakutana hapa. Tuseme KK imetokea sasa hivi. Nusu ya nafasi mrusho unaofuata ni K, na KK nyingine imepatikana kwa mrusho 1. Nusu ya nafasi ni M, tumerudi mwanzo, na inahitajika 1 + 6 = 7. Wastani wa 1 na 7 ni 4, na hiyo ndiyo 4 yako. Wewe ulipima kutoka KK moja hadi nyingine, ilhali ndugu yetu wa Magomeni alipima kutoka mikono mitupu.

Niongeze jambo moja linaloonyesha ukubwa wa mapengo hayo. Mirusho 10 inaweza kutoka kwa namna 1,024. Zile zisizo na KM popote ni 11 tu, kwa sababu lazima M zote zitangulie na K zote zifuate. Zile zisizo na KK popote ni 144. Ukihesabu kwa mrusho 1, 2, 3 na kuendelea utapata 2, 3, 5, 8, 13, kila namba ikiwa ni jumla ya mbili zilizoitangulia, yaani mfuatano wa Fibonacci. Maana yake ni kwamba baada ya kurusha mara 10, karibu mtu mmoja kati ya saba bado anaisubiri KK.

Mhasibu wa Kariakoo

Sasa vitabu vimelingana. Ahsante sana, Mwalimu.

Mstaafu wa Mlimani

Nimesoma mjadala huu kwa furaha, na naomba niwaonyeshe njia nyingine ya kufika kwenye 4 na 6, ambayo haihitaji mlinganyo hata mmoja. Iliandikwa kwa ukamilifu na Shuo-Yen Robert Li mwaka 1980, na mimi tangu nilipoielewa sijawahi kuihesabu mifuatano kwa njia nyingine.

Fikirieni mchezo wa haki kabisa, ambao mwenye meza hapati faida wala hasara: ukiweka shilingi na ukapatia, unarudishiwa maradufu, ukikosa, imekwenda. Kabla ya kila mrusho anaingia mchezaji mpya na shilingi 1 mkononi. Anaiweka yote kwenye herufi ya kwanza ya mfuatano tunaousubiri. Akikosa anatoka mikono mitupu. Akipatia ana shilingi 2, na zote anaziweka kwenye herufi ya pili, na kadhalika. Mfuatano ukikamilika, mchezo unafungwa.

Tunasubiri KK, na sasa imetokea. Nani bado ana fedha? Aliyeingia kabla ya K ya kwanza kati ya hizo mbili amepatia mara mbili, ana shilingi 4. Aliyeingia kabla ya K ya mwisho amepatia mara moja, ana shilingi 2. Wengine wote wameshatoka. Mwenye meza amelipa shilingi 6, na alichopokea ni shilingi 1 kwa kila mrusho. Kwa kuwa mchezo ni wa haki, alichopokea kwa wastani lazima kilingane na alicholipa, kwa hiyo wastani wa mirusho ni 6. Kwa KM, wa kwanza ana shilingi 4, lakini aliyeingia kabla ya mrusho wa mwisho aliweka kwenye K na ikatoka M. Mwenye meza amelipa 4 tu.

Kwa hiyo kinachohesabiwa ni mahali ambapo mkia wa mfuatano unafanana na kichwa chake. KKK inalipa 8 na 4 na 2, yaani 14. KMK inalipa 8 na 2, yaani 10. KKM inalipa 8 peke yake.

Njia hii inafanya kazi hata kwa herufi za kawaida. Chukueni kibao chenye herufi 24, yaani bila Q na X, na mtu anayebonyeza bila kutazama, kila herufi ikiwa na nafasi sawa. Neno BABU litasubiriwa kwa wastani wa mibonyezo 331,776, ambayo ni 24 mara 24 mara 24 mara 24. Neno BIBI linaisha kwa BI na linaanza kwa BI, kwa hiyo aliyeingia mibonyezo miwili nyuma naye analipwa 24 mara 24, yaani 576, na jumla inakuwa 332,352. Lugha yetu imewapa jamaa wa karibu majina ya kujirudia, mama, baba, kaka, dada na bibi, na wote hao watachelewa kwa 576 ile ile, ilhali babu anafika kabla yao kwa wastani.

Mwanafunzi wa takwimu, Ubungo

Shikamooni walimu wangu. Ningependa kuongeza kuhusu zile mbio, kwa sababu kwa mifuatano ya herufi tatu zile sare mlizoziona zinatoweka. Mchezo wenyewe ulitolewa na Walter Penney mwaka 1969, na Martin Gardner akaufanya ujulikane kwa watu wengi kupitia safu yake katika Scientific American mwaka 1974. Wewe unachagua herufi tatu, mimi nasikia ulichochagua, kisha nachagua zangu. Sarafu inarushwa, na mfuatano utakaotangulia ndio unaoshinda.

Tuseme umechagua KKM. Mimi nachagua MKK. Mifuatano hii yote miwili ina wastani wa kusubiri wa 8, kama alivyoonyesha Mzee wa Mlimani, lakini nitakushinda mara tatu kati ya nne. Sababu inaonekana bila kuhesabu: wewe unaweza kushinda tu kama mirusho miwili ya kwanza ni KK, kwa sababu hapo M ikitokea wakati wowote umemaliza. Lakini M ikitokea hata mara moja katika mirusho hiyo miwili, basi KK ya kwanza itakayokuja baadaye itakuwa imetanguliwa na M, nami nitakuwa nimeshamaliza kabla yako. Ukichagua KKK ndiyo mbaya zaidi, kwani MKK inakushinda mara 7 kati ya 8.

Kanuni ni kwamba nachukua herufi zako mbili za mwanzo nazifanya za mwisho kwangu, kisha mbele yake naweka kinyume cha herufi yako ya katikati. Kwa kanuni hiyo MKK inaishinda KKM, KKM inaishinda KMM, KMM inaishinda MMK, na MMK inageuka na kuishinda MKK. Hakuna aliye bora kuliko wote, na anayechagua wa pili hapungukiwi na nafasi ya theluthi mbili ya kushinda. Kwa sababu hiyo naomba sana mtu asiupeleke mchezo huu kijiweni kwa fedha, maana anayeonekana kupewa heshima ya kuchagua kwanza ndiye anayeibiwa, na hatajua.

Mjomba wa Magomeni (muulizaji)

Ahsanteni nyote, na Mwalimu wa Temeke nakushukuru kwa namna ya pekee, kwa sababu maneno yako kuhusu K inayobaki mkononi ndiyo yaliyonifungua. Nilimsomea shemeji yangu sehemu ya daladala naye akakubali yaishe.

Mpwa wangu amejaza kurasa nne za daftari kwa njia ya wale wachezaji wa shilingi moja, na sasa ameleta jambo jipya ambalo anaomba Mzee wa Mlimani alihakiki. Amepata kwamba KMKK inasubiriwa kwa wastani wa mirusho 18, na MKMK kwa wastani wa 20. Lakini walipozishindanisha yeye na jirani yetu jana jioni, MKMK iliyo na wastani mrefu ndiyo iliyotangulia mara nyingi. Amerudia hesabu mara tatu na anasema hajakosea.

Mstaafu wa Mlimani

Mpe pongezi zangu, hajakosea popote. KMKK inalipa 16 na 2, yaani 18. MKMK inalipa 16 na 4, yaani 20. Na katika mbio, MKMK hutangulia mara 9 kati ya 14. Jibu hili linapatikana kwa kanuni aliyoigundua John Conway, ambayo inalinganisha mkia wa kila mfuatano na kichwa cha mwenzake.

Atazame hivi. Ili KMKK ikamilike ni lazima ipitie KMK. Kama kabla ya hiyo KMK kulikuwa na M, basi MKMK imeshakamilika na mbio zimekwisha. Kwa hiyo KMKK inashinda tu pale KMK yake inapokuwa mwanzoni kabisa au inapotanguliwa na K, na hata hapo inabaki mrusho mmoja. Ukitoka M, mwenzake ameshapata MKM na amebakiza K moja tu. Kwa upande wa pili, hakuna mkia wowote wa KMKK unaoisaidia MKMK kuanza, kwa hiyo njia ya MKMK haipiti mlangoni kwa adui yake.

Mwambie aandike sasa herufi zote nne za kila mfuatano, mmoja juu ya mwingine, asogeze wa chini hatua moja moja kuelekea kulia, na kila mara herufi zinazokutana zikifanana zote aweke 1, zisipofanana aweke 0. Alama nne anazopata azihesabu kama 8, 4, 2 na 1 kwa mpangilio huo, na ajumlishe zile tu zenye 1. Afanye hivyo kila mfuatano ukiwa juu ya nakala yake wenyewe, kisha ukiwa juu ya mwenzake, na kutoka jumla ya kwanza atoe ya pili. Akipata 5 kwa MKMK na 9 kwa KMKK, amefika, maana namba ya mmoja ndiyo nafasi za ushindi za mwenzake.